Popi Anaelewa Kiswahili!

Ameitika! Jamani, ameitika! Juzi saa kumi na mbili asubuhi nimekaa juu ya jiwe nyuma ya nyumba yetu Kirumba, Mwanza, ziwa limetulia, mitumbwi ya dagaa inarudi soko la Mwaloni, nikasema mara moja tu: "Popi!" Kitoto cha mbwa kilichokuwa kimenipa mgongo kikageuza shingo, masikio yakasimama, kikanijia mbio mpaka pua ikajaa kioo kizima. Nimekisubiri kitu hiki tangu nina miaka saba.

Popi ni mbwa wa gemu. Gemu yenyewe inaitwa Nintendogs, na inakaa kwenye kikadi kidogo cha kuchomeka ndani ya Nintendo DS. Japani waliipata Aprili 2005, Marekani Agosti, Ulaya Oktoba mwaka huohuo. Mimi nimeipata wiki hii. Shangazi yangu amerudi kutoka Uingereza na DS Lite nyeupe iliyotumika, ile inayokunjwa kama kidaftari, yenye vioo viwili, na cha chini unakigusa kwa kalamu ya plastiki. Siku tatu sasa sijaiweka chini, na siwezi kungoja mpaka niimalize ndipo niwasimulie. Halafu hata kumalizika haimaliziki!

Nilipokuwa mtoto tulikuwa wapangaji Mabatini, familia tano uani, choo kimoja. Mwenye nyumba hakutaka kusikia habari ya mbwa. Baba aliogopa kichaa cha mbwa, na hakuogopa bure, maana ugonjwa ule dalili zake zikishamtokea mtu, kupona ni nadra mno. Sisi watoto tulitishwa kwa sindano za kitovuni. Mama alikuwa na swali moja tu: "Huyo mbwa atakula nini, na wewe utakula nini?" Sikuwa na jibu. Lakini kilikuwepo kimbwa cha rangi ya udongo, mkia umejikunja, nikakificha chini ya mawe mlimani siku nne, nikikipelekea vichwa vya dagaa kwenye mfuko wa kaptula. Siku ya tano nilipanda na vichwa vyangu, nikakuta hakipo. Nilikuwa nimeshakipa jina.

Sasa sikia. Kadi niliyopewa ni ile ya Labrador na wenzake. Ukianza unachagua mbwa katika aina sita. Nikapitisha Labrador, nikapitisha Corgi, mara akatokea Shiba Inu. Ni mbwa wa Kijapani huyu, lakini ile rangi, yale masikio ya ncha, ule mkia uliojikunja mgongoni! Mlete Igoma leo, umwachie barabarani, watu watadhani ni mbwa wetu wa kienyeji aliyeogeshwa. Sikutazama wengine. Nikamchukua.

Na hapa ndipo gemu hii iliponimaliza. Maandishi yake ni ya lugha za Ulaya, Kiswahili hakimo. Lakini mbwa mwenyewe hana lugha! Kifaa kina maikrofoni, na mbwa anajifunza sauti yako, neno lolote utakalochagua wewe. Unamwita jina, unarudia, unarudia tena, mpaka analishika. Kisha amri: unamshika mguu wa mbele kwa kalamu, anaunyanyua, kinatokea kitaa cha njano pembeni. Unakigusa, unasema neno lako. Nikasema, "Nipe mkono." Mara ya kwanza aliinamisha kichwa upande, ananishangaa. Mara ya pili vilevile. Tukarudia na kurudia mpaka nikapoteza hesabu, halafu nikakaa kimya, nikaisema tena bila kumgusa: "Popi, nipe mkono." Akanyanyua mguu mdogo ule, akaushikilia hewani. Nilitokwa na machozi. Waliomtengeneza sidhani kama walimfikiria mtoto wa Mabatini, na bado mbwa wao ananielewa mimi, kwa lafudhi yangu ya Mwanza.

Angalizo moja, na ni la kweli: kelele zinamchanganya. Barabara ya Makongoro ikishachemka, bodaboda na spika za maduka zikianza, Popi anatoa macho tu. Fundisha alfajiri. Umeme ukikatika usiwe na wasiwasi, chaji ya DS Lite inavuka usiku.

Mengine ni raha juu ya raha. Kumwogesha: unampaka povu kwa kalamu, unamsugua tumbo, unamsuuza, anajikung'uta. Kumtembeza: unachora njia kwenye ramani, mnatoka, mnaokota zawadi, mnakutana na mbwa wengine, na akijisaidia njiani unazoa. Na mapovu ya sabuni! Unapuliza kwenye maikrofoni, puuu, kwa pumzi yako mwenyewe, mapovu yanaruka ndani ya kioo na Popi anayarukia. Mpwa wangu wa miaka sita amepuliza mpaka kizunguzungu kikamshika.

Saa ya gemu inafuata saa ya kweli. Ukimwacha muda mrefu, ukirudi unamkuta ana njaa, ana kiu, mchafu. Lakini hafi. Wala hakui; atabaki kitoto daima. Wapo watakaosema huo ni upungufu. Mimi niliyepanda mlima na vichwa vya dagaa nikakuta patupu, nasema hicho ndicho nilichokuwa nakitaka.

Wazo lilimjia Shigeru Miyamoto, yuleyule baba wa Mario, baada ya familia yake kufuga mbwa. Inaonekana! Mtu asiyewahi kuishi na mbwa asingejua kwamba mbwa akifurahi hafurahi kwa mkia tu, anafurahi mpaka kiuno. Jarida la Famitsu la Japani liliipa alama 40 kwa 40, na matoleo yake yote kwa jumla yaliuzwa karibu nakala milioni 24. Siwashangai walioinunua.

Jana jioni nilishuka nayo hadi ufukweni. Mbwa wa pale, wale wanaongoja matumbo ya sangara, walikuwa wamelala mchangani. Popi akabweka. Mmoja, wa rangi ya udongo, akanyanyuka, akaja taratibu, akakinusa kifaa vioo vyote viwili, akakaa karibu na mguu wangu. Tukakaa hivyo watatu mpaka taa za Capri Point zikawaka.

Bado sijaingia mashindano ya utii, yale ambapo waamuzi wanataja amri nawe unamwambia mbwa wako atekeleze mbele ya watu. Tunafanya mazoezi. "Keti" anaijua. "Lala" inakuja.

Nakuomba, msomaji, kama na wewe uliwahi kumwomba mama mbwa ukakataliwa: ukikuta kadi hii kwenye meza ya vifaa vya mitumba, Makoroboi au popote, isikupite. Mpe jina lile ulilokuwa umelitunza, na umwite kwa sauti, kwa Kiswahili. Atakuja.