Sifa kwa Fundi wa Chini

Neno usukani lilifanya kazi baharini muda mrefu kabla halijapanda barabarani. Katika jahazi, usukani ni ule ubao mpana unaoning'inia tezi, ukigeuzwa kwa mti uitwao kana, na nahodha aliyeishika kana hiyo husikia mkononi kila kinachotendeka chini ya maji: mkondo unaovuta, wimbi linalosukuma, hata ulegevu wa vyuma vinavyoushikilia usukani wenyewe. Waswahili walipolihamishia neno hilo kwenye duara lililo mbele ya dereva, walihamisha pamoja nalo dai zito, kwamba chombo cha nchi kavu nacho sharti kimjibu anayekiongoza. Jibu hilo linaweza kuitwa utiifu wa gari, yaani namna gari linavyoufuata mkono wa dereva katika kona, katika breki ya ghafla na katika barabara iliyochimbika, bila kuchelewa na bila kuongeza la kwake. Mlinzi wake ni fundi wa chini, anayeshughulika na springi, shokapu, bushi na magurudumu, ambaye gereji nyingi humpa heshima ndogo kuliko fundi injini, ingawa injini mbovu humlaza mtu njiani tu, ilhali chini mbovu humpeleka mtaroni.

Ufundi huo huonekana vizuri zaidi katika gari dogo la zamani, lile fupi ambalo buti lake halikutokeza nyuma bali limefunikwa na mlango wa ziada unaofunguka kuelekea juu, na katika Afrika Mashariki ni magari machache yanayoufaa mfano huu kuliko Toyota Starlet. Kizazi chake kilichotoka mwaka 1989, kijulikanacho kwa msimbo EP82, na kile cha EP91 kilichokifuata hadi jina lenyewe lilipostaafishwa mwaka 1999 na nafasi yake kushikwa na Vitz, vilishushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam vikiwa vimekwisha kutumika Japani, vikiwa na usukani wa kulia, injini ya sentimita za ujazo 1,331 na uzito unaozunguka kilo 800. Kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye umri unaozidi miaka 8, Starlet zinazoonekana Nairobi leo ni zilezile zilizoingia zamani, na kila moja iliyobaki barabarani imebaki kwa sababu yupo mtu, Kirinyaga Road kama si kwingineko, anayejua kuirudisha. Hali ya Gerezani, Dar es Salaam, haitofautiani sana, isipokuwa kwamba huko chumvi ya bahari nayo hudai fungu lake katika kila bolti.

Chini ya Starlet hakuna fumbo kubwa. Kila gurudumu la mbele limeshikwa na nguzo moja yenye shokapu ndani yake na springi inayoizunguka, mpango uliobuniwa na mhandisi Mmarekani Earle S. MacPherson na kuingia barabarani kwa Ford Consul na Zephyr za Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kichwa cha nguzo kimefungwa kwenye bodi kwa mpira mzito uitwao mauntingi, na mguu wake umeshikwa na mkono wa chuma uliolala, wenye bushi upande wa bodi na boljointi upande wa gurudumu. Bushi ni mpira uliobanwa kati ya mirija miwili ya chuma, mmoja ndani ya mwingine, ili mkono uweze kupanda na kushuka bila chuma kugusa chuma, na boljointi ni tufe lililokaa katika kikombe chake kama kichwa cha mfupa wa paja kinavyokaa katika nyonga. Nyuma, magurudumu mawili yameungwa na boriti moja inayokubali kujipinda kidogo pale moja linapopanda jiwe na jingine likabaki chini, utaratibu ambao Volkswagen Golf ya mwaka 1974 ilisaidia kuueneza katika magari madogo. Vipande ni vichache, na kwa sababu hiyo hakuna kipande kinachozembea vingine vikaifunika aibu yake.

Wengi wanaotaka gari la namna hii likate kona vizuri huanza na nyongeza: rimu pana, springi fupi, chuma cha kuunganisha vichwa vya nguzo chini ya boneti. Wamelishika jambo mkiani. Mwenye jahazi linalovuja haliongezei tanga. Hulipandisha ufukweni bamvua inapotoka, akazishindilia pamba nyufa za mbao, kazi iitwayo kukalafati, kisha akalipaka sifa, mafuta ya papa ambayo lugha, kwa ukarimu wake, imeyapa neno lilelile la kumpongezea mtu. Fundi wa chini naye hukalafati. Mpira haukatiki siku moja kama waya. Hukauka kwa joto, hulainika kwa oili inayovuja, hupasuka mipasuko myembamba kama nywele, na gari hupoteza utiifu wake kwa vipimo vidogo mno hata dereva huuzoea kila upungufu kabla haujafuatiwa na mwingine. Ndiyo maana mwenye gari ni shahidi dhaifu kuliko wote: ataapa kwamba usukani uko sawa, kumbe kwa miaka mitatu mikono yake imekuwa ikiurekebisha bila yeye kujua.

Kwa hiyo uchunguzi hautegemei maelezo ya mwenye gari peke yake. Fundi hulipitisha gari polepole kwenye rasta, ile mistari iliyoinuliwa barabarani ili kuwaamsha madereva, akasikiliza kama mgongano ni mkavu wa chuma kwa chuma au ni mzito wa mpira uliochoka. Kisha hulipandisha kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa, ambapo ulegevu humwelekeza kwenye boljointi au beringi, halafu akalishika kushoto na kulia, ambapo ulegevu humwelekeza kwenye tairodi, yaani fimbo inayoupeleka mgeuko wa usukani hadi gurudumuni. Bushi huzijaribu kwa mtaimbo, akizikandamiza kidogo huku akitazama kama mpira umeachana na chuma chake. Ile desturi ya kubonyeza pembe ya boneti na kuhesabu gari limeruka mara ngapi humfichua shokapu aliyekufa tu. Aliye mgonjwa hupita salama.

Katika kufunga bushi mpya kuna jambo moja linalotenganisha fundi na mfungaji wa nati, na linastahili kuelezwa kwa urefu. Mrija wa ndani wa bushi, bolti inapokazwa, hugandamana na bodi na hauzunguki tena. Kinachoruhusu mkono kupanda na kushuka ni mpira wenyewe, unaosokoteka kidogo kila upande na kurudi. Gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia na mkono umeinama chini kabisa, na fundi mwenye haraka, kwa kuwa hapo bolti iko karibu na mkono wake na mwanga unatosha, huikaza hapohapo. Gari linaposhushwa mkono hupanda hadi mahali pake pa kila siku, lakini mpira ulikwisha kufundishwa kwamba nyumbani ni kule chini, hivyo hukaa umesokotwa saa zote, hata gari likiwa limelala uani usiku, na bushi iliyopaswa kudumu miaka huchanika baada ya muda mfupi, huku lawama ikiangukia duka la vipuri. Fundi anayejua huziacha bolti hizo zikiwa zimeshikwa kwa vidole, hulishusha gari hadi uzito wake wote ukae juu ya magurudumu, hulisukuma mbele na nyuma lijipange, kisha hutambaa chini yake katika nafasi finyu na kukaza palepale ambapo mpira umepumzika. Mteja hamwoni akifanya hivyo, na hakuna risiti inayoliandika.

Zipo pia bushi ngumu za plastiki zinazouzwa kwa watu wa mashindano, na zile zinazochongwa mitaani pale ambapo za asili zimeadimika. Zote mbili hupunguza ulegevu na zote mbili hupeleka kila kokoto hadi kwenye meno ya abiria. Katika mji wenye barabara za vumbi, mpira wa kiwandani ndio chaguo la mtu mwenye busara.

Baada ya mpira hufuata shokapu na springi, ambazo kazi zake huchanganywa mara nyingi. Springi hubeba uzito na kuliruhusu gurudumu kupanda. Shokapu haibebi kitu, bali huzuia springi kuendelea kurukaruka, kwa kulazimisha mafuta kupita katika matundu madogo hadi nguvu ya mruko igeuke joto. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyefanya kazi Cadillac nchini Marekani katika miaka ya 1930, alionyesha kwamba springi za nyuma zinapaswa kuruka kwa kasi kidogo kuliko za mbele, kwa sababu tuta hulipiga gurudumu la mbele kwanza, na nyuma isipokuwa na mwendo wa haraka wa kuifikia mbele, gari litaanza kuinama na kuinuka kama ngalawa iliyokatwa na mawimbi ya ubavuni na ya mbele kwa pamoja. Mahesabu hayo yamo tayari katika springi zilizotoka kiwandani, nayo huvunjika siku mtu anapozikata kwa msumeno ili gari likae chini na lionekane la mbio. Springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi na yenye safari fupi zaidi, shokapu iliyopimwa kwa springi nyingine hushindwa kuidhibiti, na mikono ya chini, iliyokuwa imelala, sasa huinuka kuelekea nje, hali inayolifanya gari lililo juu ya nguzo za MacPherson liegemee kona vibaya badala ya kusimama.

Kinyume chake ndicho kilio cha watu wengi zaidi: kulinyanyua gari kwa vipande vya chuma au plastiki vinavyowekwa juu ya nguzo, ili tumbo lipite matuta bila kukwaruzwa. Kuwadharau wanaofanya hivyo ni kiburi cha watu wa lami. Haja yao ni ya kweli, ila gharama yake itajwe waziwazi: kitovu cha uzito hupanda, viungo vya ekseli inayozungusha magurudumu ya mbele hufanya kazi vikiwa vimekunjwa kuliko vilivyokusudiwa, na mkao wa magurudumu hupotoka. Fundi mwaminifu hunyanyua kwa kiasi kidogo kadiri haja inavyoruhusu, na halitoi gari mkononi mwake kabla hajalipima upya.

Upimaji huo ndio alaimenti, na mizizi yake ni ya zamani kuliko injini. Georg Lankensperger, mtengenezaji wa magari ya farasi wa Munich, alitambua kwamba katika kona gurudumu la ndani huzunguka duara dogo kuliko la nje na hivyo lazima likunjwe zaidi, na Rudolph Ackermann akaisajili hataza ya wazo hilo London mwaka 1818, jambo lililofanya jina la wakala lidumu kuliko la mbunifu. Katika gari la leo hutazamwa mambo matatu: matege, yaani kama gurudumu limeinamia ndani au nje kwa upande wa juu, mlalo wa nguzo kuelekea nyuma, unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona, na mkao wa vidole, yaani kama magurudumu mawili yanatazamana kwa mbele au yanapeana kisogo. La tatu ndilo linalorekebishwa kwa urahisi katika Starlet, kwa kuzungusha tairodi, na ndilo linalokula tairi haraka likikosewa. Mashine za taa hulipima vizuri, lakini uzi nao hulipima: fundi huvuta mshipi wa kuvulia samaki kila upande wa gari, sambamba na mstari wa katikati, kisha hupima kutoka uzini hadi ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu, akitafuta tofauti ya milimita moja au mbili. Mwashi angemwelewa bila mkalimani.

Tairi limeachwa mwisho, ingawa lingestahili kuwa la kwanza kununuliwa. Sehemu inayogusa ardhi hailingani hata na kiganja kilichokunjuliwa vizuri, na katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele viganja viwili vya mbele hulipia kila kitu, kuvuta, kugeuza na sehemu kubwa ya kufunga breki, kutoka katika mfuko mmoja. Anayetumia wote kwenye breki hana kilichobaki cha kukunjia kona, na gari huenda moja kwa moja hata usukani ukiwa umekatwa. Basi nyongeza yenye maana kwa Starlet iliyokwisha kukalafatiwa ni tairi bichi la upana wa wastani, lenye tarehe ya karibuni katika zile tarakimu 4 za ubavuni zinazotaja wiki na mwaka wa kuundwa, na upepo uliopimwa likiwa baridi. Anayetaka zaidi anaweza kuikaza nyuma kidogo, kwa chuma kinachozuia boriti isijipinde sana, ili nyuma isaidie kugeuka. Lakini aingie huko kwa hofu. Peugeot 205 GTI iliyoanza kuuzwa mwaka 1984 ilipendwa na kuogopwa kwa sababu hiyohiyo: dereva aliyeachia mafuta ghafla katikati ya kona aliona nyuma ikitangulia mbele.

Kazi inapokwisha, fundi hulipeleka gari mwenyewe, bila redio, kwenye kipande cha barabara kilichonyooka asichobadilisha mwaka hadi mwaka, akaulegezea usukani vidole na kungoja. Gari likishika njia yake, hukata kona moja ya taratibu, akausikiliza usukani ukirudi kati, halafu hurudi gereji na kumwambia mwenye gari alilete tena baada ya wiki moja, kwa sababu vyuma vipya hukaa mahali pake vikishatembea, na kila nati aliyoigusa ataishika tena kwa spana.