Hongereni, Mafundi Mnaouliza Kwanza

Mafundi chuma wa mtaa wa Kavimvira, hongereni! Mteja akileta mchoro wa shafti ya boti ya mbao iendayo mji wa Baraka, ulioandikwa "40" tu, fundi stadi hawashi mashine. Huuliza: "Ndugu, hii 40 ni kipenyo ao nusu kipenyo? Ni milimita? Beringi itaingia kwa kubana ao kwa kulegea?" Anajua kwamba boliti ya milimita 10 huweza kuwa na nyuzi za hatua (umbali kati ya uzi na uzi) ya milimita 1.5 au 1.25. Tofauti ni robo ya milimita, lakini nati ya hatua moja hukwama kwenye boliti ya hatua nyingine. Maswali hayo huokoa chuma, fedha za mteja na maisha ya abiria katikati ya Ziwa Tanganyika. Tuwaheshimu, tena tuwalipe vizuri.