Mradi au Alimradi? Shule ya Haki ya Chicago kwa Jicho la Mwalimu wa Kiswahili

Tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini uanze kutumika nchini Uganda mwaka 2020, neno "mradi" halikauki vinywani mwa walimu. Mtaala huo ulikiweka Kiswahili katika masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili, na ukataka wanafunzi wapimwe pia kwa kazi wanazozifanya mwaka mzima. Watahiniwa wa kwanza wa mtaala huo walifanya mtihani wa taifa mwaka 2024, ambapo alama 20 kati ya 100 zilitokana na tathmini ya shuleni. Katika mijadala yetu shule za Marekani hutajwa mara nyingi kuwa mfano wa kuigwa. Tumeona ni vyema tuichambue mojawapo, tuone lipi la kuchukua na lipi la kuacha.

Shule tuliyoichagua ni shule ya sekondari ya umma iliyoko Little Village, Chicago, ambayo jina lake kwa Kiswahili tungeliita Shule ya Haki za Kijamii.

Shule iliyodaiwa kwa njaa

Little Village ni mtaa wenye wakazi wengi wa asili ya Meksiko. Mwaka 1998 wakazi hao waliahidiwa shule mpya ya sekondari, kwani iliyokuwepo ilikuwa imefurika. Shule nyingine mbili, zinazochagua wanafunzi kwa ushindani, zikajengwa katika sehemu nyingine za jiji. Wakazi wa Little Village wakaambiwa kwamba fedha zimekwisha.

Mwezi Mei 2001, Siku ya Akina Mama, wakazi 14 waligoma kula. Miongoni mwao walikuwamo wazazi na mabibi. Mgomo huo uliendelea kwa siku 19. Muda mfupi baadaye uongozi wa elimu wa jiji ulibadilika, na kiongozi mpya, Arne Duncan, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Elimu wa Marekani, akakubali shule ijengwe. Jengo lilifunguliwa mwaka 2005 likiwa na shule ndogo nne ndani yake, na moja kati ya hizo ndiyo Shule ya Haki. Ilipokea pia wanafunzi Weusi kutoka North Lawndale, mtaa wa jirani ambako Martin Luther King aliwahi kupanga nyumba mwaka 1966 alipokuwa akipigania haki ya makazi.

Tumeieleza historia hii kwa kirefu kwa sababu bila hiyo uhakiki wetu hauna msingi. Shule nyingi huandika "haki" na "usawa" kwenye lango lake kama mapambo. Hapa neno hilo lilitangulia jengo: watu walikaa na njaa kwanza, ndipo matofali yakaja.

Hesabu za deni la nyumba

Miongoni mwa walioshiriki kuibuni shule hiyo ni Eric Gutstein, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Illinois kilichoko Chicago, ambaye mwaka 2006 alichapisha kitabu kuhusu ufundishaji wa hisabati kwa ajili ya haki. Anamfuata Paulo Freire wa Brazil, aliyesisitiza kwamba kusoma neno na kuisoma dunia ni mambo yanayokwenda pamoja. Katika mwaka wa masomo 2008/2009 Gutstein alifundisha darasa moja la mwaka wa mwisho katika shule hiyo. Mada zilichaguliwa pamoja na wanafunzi: uchaguzi, kuhamishwa kwa watu katika mitaa yao, UKIMWI, vijana kutazamwa kama wahalifu, na ubaguzi wa kijinsia.

Tuitazame mada ya kuhamishwa. Familia Nyeusi za North Lawndale zilihofia kusukumwa nje na bei za nyumba. Familia za Little Village zilikuwa na hofu hiyo, na baadhi yao zilihofia pia kufukuzwa nchini. Wanafunzi walichukua mikopo ya nyumba na kukokotoa, mwezi baada ya mwezi, jinsi deni linavyopungua au linavyokataa kupungua, na kama kipato cha familia ya mtaani kwao kinatosha kulilipa. Kisha waliwasilisha matokeo yao mbele ya wakazi wa mitaa yote miwili.

Gutstein anagawa maarifa ya darasa la namna hii katika mafungu matatu. La kwanza ni maarifa ya jamii, yaani yale mwanafunzi anayokuja nayo kutoka nyumbani. La pili ni maarifa ya kuhakiki, yanayomwezesha kuuliza kwa nini mambo yako hivyo. La tatu ni maarifa ya kitaaluma, yaani hisabati yenyewe, ambayo mtihani utaidai. Kwa maoni yetu, mgawanyo huu ndio mchango mkubwa wa mradi wote. Mwanafunzi aliyekasirishwa na dhuluma lakini hajui kukokotoa riba atabaki na hasira yake, na benki itabaki na nyumba.

Kasoro

Hata hivyo, sifa zisitufumbe macho. Kwanza, mfano huu ulibebwa na mhadhiri mwenye darasa moja tu. Mwalimu wetu mwenye mikondo minne na wanafunzi zaidi ya 80 katika kila mkondo hawezi kuambiwa tu "nenda ukafanye vivyo hivyo".

Pili, orodha ya mada ina mwelekeo unaojulikana mapema. Je, mwanafunzi anayefikia hitimisho tofauti na la mwalimu wake, kwa ushahidi mzuri, atapata alama nzuri? Mafunzo ya haki yasiyompa mwanafunzi haki ya kumpinga mwalimu yanajipinga yenyewe.

Tatu, shule inayofundisha haki haikulindwa na jina lake. Mwezi Agosti 2012 wanafunzi walifanya mgomo wa kuketi ndani ya shule wakipinga mabadiliko ya uongozi na masomo ambayo hawakushirikishwa. Mtu anaweza kusema kwamba huo ulikuwa mradi wao bora kuliko yote. Lakini unaonyesha pia kwamba mamlaka ya juu inaweza kupitisha maamuzi yake bila kujali kinachofundishwa darasani.

Somo kwetu

Eneo letu si geni katika jambo hili. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kuhusu Elimu ya Kujitegemea, akataka shule iwe sehemu ya jamii yake. Katika shule nyingi shamba hilo la kujifunzia liligeuka kazi ya jembe isiyohusiana na somo lolote. Hatari hiyo ndiyo tunayoiona tena.

Lugha yenyewe inatuonya. "Mradi" asili yake ni Kiarabu, na maana yake ni kusudio, jambo linalotakiwa. Kutoka shina hilohilo tumepata "alimradi", neno tunalolitumia kwa kazi inayofanywa ili ionekane tu kuwa imefanywa. Sabuni ya maji na fagio zinazonunuliwa sokoni na kupelekwa shuleni kuombewa alama ni alimradi. Mzazi analipa, mwalimu anajaza fomu, na mtoto hajajifunza kitu.

Tutoe mfano wa Kiswahili. Nchini Uganda wazee wengi bado wanaihusisha lugha hii na askari na amri, na tamko la Idi Amin la mwaka 1973 la kuifanya lugha ya taifa halikuondoa hofu hiyo. Mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kumuuliza bibi yake: uliisikia lugha hii kwa mara ya kwanza kutoka kwa nani, na alikuambia nini? Jibu likija kwa Luganda au Lusoga, ataliandika kwa Kiswahili. Mwalimu atasahihisha upatanisho wa kisarufi na nyakati za vitenzi, kisha habari hizo zitasomwa mbele ya wazazi. Maarifa ya jamii yamo, ya kuhakiki yamo, na ya kitaaluma yamo. Gharama yake ni daftari na kalamu. Na bibi akisema kwamba hofu yake ina sababu, hilo nalo liandikwe.

Kiswahili kimepewa nafasi ya lazima darasani. Kikifundishwa kwa alimradi, wanafunzi wataona kwamba wamelazimishwa kwa mara nyingine, kama babu zao. Tunawaomba walimu wenzetu, kabla ya kutoa mradi muhula ujao, wajiulize swali moja: ni nani nje ya shule anayelingoja jibu la kazi hii?