Kibaraza cha Eatonville: Malezi na Mpaka katika Utunzi wa Zora Neale Hurston

Wahakiki wengi wa Zora Neale Hurston wameuchukulia mji wa Eatonville, Florida, kuwa bustani ya utoto wake: mji mdogo ulioanzishwa rasmi mwaka 1887, ukitawaliwa na Weusi wenyewe, ambamo mtoto aliweza kukua bila ya kufundishwa unyonge. Mtazamo huo una msingi. Hurston alizaliwa Notasulga, Alabama, mwaka 1891, akaletwa Eatonville angali mdogo, ilhali katika tawasifu yake anadai kuwa alizaliwa Eatonville penyewe. Katika insha yake ya 1928 anaeleza pia kwamba alijitambua kuwa mtoto Mweusi pale tu alipopelekwa shuleni Jacksonville. Mtu aliyejichagulia mahali pa kuzaliwa hawezi kutiliwa shaka kuhusu mapenzi yake. Hata hivyo, makala haya yanadai kwamba kilichomlea mtunzi huyu si utangamano wa mji huo pekee, bali pia mpaka uliochorwa ndani ya utangamano huo.

Kitovu cha Eatonville kilikuwa kibaraza cha duka la Joe Clarke. Hapo wanaume walikutana wakashindana kwa ngano, mizaha na uwongo wa kufurahisha. Msomaji aliyekulia pwani yetu hahitaji maelezo marefu: anajua kuwa baraza ni shule na mahakama kwa pamoja, na anajua pia ni nani wasiokaa hapo. Katika *Dust Tracks on a Road* (1942), Hurston anasimulia jinsi alivyokuwa akitumwa dukani, naye akijikokota makusudi ili apate neno moja zaidi kabla ya kuondoka. Mtoto huyu, basi, aliipata lugha yake kwa kudokoa. Hata aliporudi na elimu ya anthropolojia aliyoipata kwa Franz Boas, akakusanya ngano za *Mules and Men* (1935), alianzia papo hapo.

Mwaka 1937 Richard Wright aliishutumu riwaya ya *Their Eyes Were Watching God* kuwa haina ujumbe na kwamba inawatumbuiza Wazungu. Shutuma hii ingali inarudiwa katika semina zetu, aghalabu na wanafunzi ambao hawajaisoma riwaya hadi mwisho. Wright aliutafuta mgogoro baina ya Weusi na Wazungu. Hakuuona ule ulioketi kibarazani. Joe Starks ananunua ardhi, anajenga duka, anakuwa meya, anawasha taa ya kwanza ya barabarani. Ni Joe huyo huyo anayemkataza mkewe, Janie, kushiriki mazungumzo. Wanaume wanapotunga visa kuhusu nyumbu wa Matt Bonner, Janie naye ana vyake vizuri, lakini anavimeza. Nyumbu anapokufa, mji mzima unaandamana kumzika kwa dhihaka, Joe akihutubu juu ya tumbo la mzoga. Janie anaachwa dukani. Tanzia ya mandhari haya ni kwamba yanachekesha kwelikweli. Msomaji anajikuta akicheka pamoja na wale waliomfungia mlango. (Atakayeitafsiri riwaya hii atagundua upesi kwamba Kiswahili Sanifu hakitoshi kubeba mazungumzo hayo, yanadai lahaja.)

Janie anapata nafasi ya kusimulia mbali na Eatonville, miongoni mwa vibarua wa mashamba ya maharagwe huko Everglades, ambako mlango wa nyumba yake na Tea Cake unageuka kuwa baraza lisilombagua. Hatusemi kwamba huko ni peponi: Tea Cake naye anampiga, na Hurston anaipita aibu hiyo kwa wepesi usioturidhisha. Lakini mtindo wa masimulizi anaoumudu Janie huko ni ule ule aliousikiliza kimya dukani kwa miaka mingi.

Kwa hiyo umbo la riwaya halikutokea kwa bahati. Janie anarudi Eatonville, anapita mbele ya wanaomhukumu kutoka vibarazani mwao, kisha anamsimulia Pheoby maisha yake kwenye ngazi za nyuma ya nyumba. Anamruhusu shoga yake awapelekee wengine habari hiyo akipenda. Pheoby anaondoka gizani, na riwaya inafungwa chumbani mwa Janie, ghorofani. Jinsi kibaraza kilivyoipokea habari ile, Hurston hatuonyeshi.