ROSA MISTIKA NA MALEZI YA VIJANA: KESI INAYOPASA KUSIKILIZWA DUNIANI

Katika jamii inayojenga usawa, swali la malezi ya vijana haliwezi kuachiwa wahubiri na askari peke yao. Ni swali la siasa. Kijana wa leo ndiye mkulima, mwalimu na kiongozi wa kesho, na jinsi anavyotendewa nyumbani, shuleni na ofisini ndivyo atakavyowatendea wengine. Kwa sababu hiyo riwaya ya Rosa Mistika, ya Euphrase Kezilahabi, inastahili kusomwa na kujadiliwa na wanachama kama tunavyojadili taarifa za kilimo na za afya.

Mwandishi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akafariki mwaka 2020. Kitabu hiki, riwaya yake ya kwanza, kilitoka mwaka 1971. Kwa muda kilizuiwa kutumika mashuleni kwa kuwa kilisema waziwazi mambo ya mapenzi. Baadaye kikakubaliwa na kufundishwa katika shule za sekondari. Wako wazazi ambao hadi leo wanakihofia. Makala haya yanawajibu wao.

Fimbo bila maelezo

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina. Zakaria aliwahi kuwa mwalimu, lakini sasa ni mlevi. Anapogundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana, anampiga bila huruma. Hamuulizi wala hamwelezi kitu. Rosa anakua akiogopa wanaume, lakini hawajui. Anapokwenda kusoma Mwanza, na baadaye katika chuo cha ualimu Morogoro, ulinzi wa baba unabaki nyuma, naye hana chochote moyoni cha kushika mahali pake.

Sisi wa Lukozi hatuna haja ya kwenda Ukerewe kulielewa jambo hili, maana historia ya milima yetu inalieleza. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo katika bonde la Mlalo, jirani zetu. Wakulima waliamriwa kuchimba matuta katika mashamba ya milimani, na aliyekaidi aliadhibiwa. Udongo ulikuwa ukimomonyoka kweli. Hatari haikuwa ya kubuni. Lakini mkoloni hakukaa na wakulima akawasikiliza, wala hakujali kwamba matuta yale yalikula nguvu na ardhi ya watu maskini. Aliamuru na kutoza faini. Wananchi wakapinga, upinzani wao ukaungana na harakati za TANU za kudai Uhuru, na mwishoni mwa miaka ya 1950 mpango ukaachwa. Amri ilipoondoka, na matuta mengi yalitelekezwa.

Zakaria ni bwana shamba wa kikoloni ndani ya nyumba yake. Hofu yake juu ya Rosa ina msingi, kwani wanyang'anyi wa wasichana wapo, na riwaya yenyewe inawaonyesha. Lakini jambo jema likilazimishwa kwa fimbo, hudumu kwa muda ambao fimbo ipo. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilitaka shule imjenge mtu mwenye akili ya kuuliza na kuamua. Haiwezekani shule ijenge akili hiyo wakati nyumba inaivunja.

Mabwana wakubwa

Wasomaji wengi huishia hapo. Husema: tazameni malezi mabaya yanavyomharibu msichana. Usomaji huo ni nusu ya kitabu, na tena ni nusu isiyowaudhi wakubwa. Nusu ya pili inauliza: Rosa aliharibiwa na nani?

Kezilahabi anajibu bila kuficha. Yumo Deogratias, Bwana Maendeleo, aliyepewa dhamana ya kuwainua wananchi. Yumo Thomas, mkuu wa chuo, aliyekabidhiwa mabinti za watu awafanye walimu. Hawa si wahuni wa vichochoroni. Ni maofisa wanaolipwa kwa jasho la mkulima, na silaha yao ni cheo. Msichana mwanafunzi mbele ya mkuu wa chuo hana usawa wowote. Kusema kwamba alikubali ni kusahau nani anashika kalamu ya kumpasisha na nani anaweza kumfukuza.

Mwaka huohuo wa 1971 TANU ilitoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, ubwana na uonevu. Maandishi haya mawili yasomwe pamoja. Mwongozo unatangaza kanuni; riwaya inaonyesha ubwana unavyofanya kazi mlango ukishafungwa, na nani anayelipa gharama.

Regina na mzigo wake

Kuna mtu mmoja ambaye wahakiki humpita haraka, naye ni mama. Regina ndiye anayeilisha nyumba, na mumewe ndiye anayekunywa. Siku ya soko hapa Lukozi tunawaona akina Regina wakishuka kutoka mashambani na kabichi, karoti na viazi vichwani. Jioni swali ni lilelile: fedha ya mzigo ule inaingia katika mkono wa nani? Binti anayeona kwamba mama yake anafanya kazi zote na hana sauti, amekwisha kufundishwa thamani ya mwanamke kabla hajaingia darasani. Akipanda basi la kuteremka Soni hadi Mombo, akaenda mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu, huchukua somo hilo pamoja na nguo zake. Atakapoonewa atanyamaza, kwa sababu kunyamaza ndiko alikorithi.

Kasoro ya riwaya

Hata hivyo hatuwezi kuupokea mwisho wa kitabu bila kuukosoa. Charles, mchumba wa Rosa, anamwacha kwa sababu si bikira tena, na Rosa anajiua. Kisha mwandishi anaihamishia kesi mbinguni, ambako baba na binti wanasimama mbele ya Mungu. Onyesho hilo lina nguvu, lakini linamtuma msomaji mahali ambapo hana la kufanya. Aidha, kwa kuwaweka kizimbani mzazi na mtoto, linawaacha Deogratias na Thomas nyuma ya pazia. Anayefikishwa hukumuni ni mnyonge pamoja na mlevi maskini, na wenye vyeo wanabaki ofisini. Hakuna kikao cha wanawake, mwalimu mwaminifu wala jirani anayethubutu kusema. Kijana anayefunga kitabu anaweza kudhani kwamba aliyekosea mara moja hana njia ila kaburi.

Njia ipo, na imepatikana kwa mapambano ya hapa duniani. Sheria ya Ndoa, ambayo nayo ni ya mwaka 1971, iliruhusu msichana wa miaka 15 aolewe. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu hivyo vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu iliongezewa adhabu ya kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Novemba 2021 Serikali ilifungua mlango kwa wasichana waliokatiza masomo kwa sababu ya uzazi warudi katika shule za kawaida. Maamuzi hayo yanasema jambo ambalo Charles hakulijua: kosa, au dhuluma aliyotendewa mtu, si mwisho wa maisha yake.

Wajibu wetu

Lakini sheria haitembei yenyewe kupanda milima. Mzazi anayepokea fedha ya kumaliza shauri kimyakimya ameifuta sheria katika kijiji chake. Kwa hiyo Jumuiya ya Wazazi, UWT na Umoja wa Vijana katika matawi wakisome kitabu hiki kwa sauti, baba na binti wakiwa katika chumba kimoja, na wajadili mambo matatu: nani anamweleza msichana ukweli wa mwili wake kabla mwongo hajamweleza; nani anashika fedha ya mazao; na msichana akionewa na mwenye cheo, ataanzia kwa nani. Tawi lisiloweza kulijibu swali la tatu kwa kutaja jina la mtu anayeaminika, lijue kwamba Rosa yumo katika kijiji chake, na kesi yake haijasikilizwa.