Nyumba Moja, Wapelelezi Watatu: Mfululizo wa Zamu wa NBC na Riwaya ya Upelelezi ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili umeongozwa kwa muda mrefu na swali la asili. Bwana Msa hupimwa kwa Sherlock Holmes, na Willy Gamba hupimwa kwa James Bond. Swali hilo lina msingi, kwa kuwa kiko cha Bwana Msa na bastola ya Gamba havikuzuka patupu. Hata hivyo, lina upungufu mmoja mkubwa: humlinganisha mpelelezi mmoja na kielelezo kimoja, kana kwamba wahusika hawa walimfikia msomaji mmoja mmoja, kila mmoja kwa njia yake. Nyumba iliyowatoa na kuwasambaza haiulizwi habari zake.

Sehemu hii inatumia ulinganisho wa aina nyingine, nao ni ule wa mfululizo wa zamu wa televisheni ya Marekani, ambamo wapelelezi kadhaa hupokezana nafasi moja ya ratiba. Hoja inayotetewa ni kwamba riwaya ya upelelezi ya Kiswahili iliwahi kuwa na kitu kinachokaribiana na mpango huo, kwamba kitu hicho kilikuwa mchapishaji, na kwamba kuvunjika kwake mwaka 1977 kunaeleza hatima ya tanzu hii kuliko madai ya kuiga au udhaifu wa waandishi.

2.0 Mfululizo wa Zamu Ulivyofanya Kazi

Mtandao wa NBC ulijaribu mpango wa zamu katika The Name of the Game (1968–1971), ambamo waigizaji wakuu watatu, Gene Barry, Tony Franciosa na Robert Stack, walipokezana sehemu. Wahusika wao wote walifanya kazi katika kampuni moja ya kubuni iliyochapisha majarida. Kilichowaunganisha, kwa hiyo, kilikuwa mwajiri.

Mwezi Septemba 1971 NBC ilianzisha NBC Mystery Movie. Humo walipokezana Columbo (Peter Falk) wa Los Angeles, McCloud (Dennis Weaver), askari wa New Mexico aliyepelekwa New York, na McMillan (Rock Hudson), mkuu wa polisi wa San Francisco, pamoja na mkewe. Miji ilikuwa tofauti, vyeo tofauti, na hata umbo la hadithi lilikuwa tofauti. Katika Columbo mtazamaji humwona muuaji tangu mwanzo, na shauku yake haiko katika nani aliyeua bali katika namna atakavyonaswa. Juu ya tofauti hizo palikuwa na paa moja: studio moja ya Universal, utangulizi mmoja wenye muziki wa Henry Mancini, na usiku mmoja wa juma.

Faida ya mpango huu ilikuwa ya kiuchumi na ya kisanaa kwa pamoja. Katika msimu wake wa kwanza Columbo ilitoa sehemu saba tu. Kwa kuwa wengine walijaza majuma yaliyobaki, waandishi na waongozaji walipata muda wa kuandaa hadithi ya dakika 90 yenye uzito wa filamu. Faida ya pili haitajwi mara nyingi: paa hilo lilikuwa kitalu. Mpelelezi mpya aliweza kujaribiwa bila kubeba msimu mzima mabegani. Hec Ramsey alijiunga mwaka 1972 na hakudumu. Quincy alijiunga mwaka 1976, akapendwa, na mwaka 1977 akapewa nafasi yake mwenyewe. Kufeli kwa mmoja hakukuuangusha mpango, na kufaulu kwa mwingine kulipata mahali pa kukulia. Mfululizo wenyewe ulifikia kikomo mwaka 1977.

3.0 Wapelelezi wa EALB

Shirika la East African Literature Bureau (EALB), lililoanzishwa mwaka 1948 na kuwa na makao Nairobi, halikukusudia kuunda mfululizo wa upelelezi. Pamoja na hayo, orodha ya vitabu vyake inaonyesha mpangilio unaostahili kuzingatiwa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la EALB la 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Mwaka 1965 shirika hilohilo lilitoa Simu ya Kifo ya Faraji Katalambulla, na mwaka 1974 likatoa Kufa na Kupona ya Elvis Musiba. Bwana Msa, Inspekta Wingo na Willy Gamba waliingia katika fasihi ya Kiswahili kupitia mlango mmoja.

Watatu hawa wanatofautiana katika jambo la msingi, yaani mamlaka ya kuuliza maswali. Bwana Msa hana cheo. Ni muungwana wa Unguja ambaye husikilizwa kwa sababu ya akili na heshima yake, na Inspekta Seif humtegemea ingawa serikali haikumtuma. Wingo ni polisi, na maswali yake yana nguvu ya sheria ya dola iliyotoka kupata uhuru. Gamba ni mtumishi wa siri wa taifa. Uchunguzi wake huvuka mipaka hadi Nairobi na, katika Kikosi cha Kisasi (1979), hadi Kinshasa, na adui wake si mwizi wa mtaani bali maadui wa ukombozi wa Afrika.

Hapa ndipo ulinganisho na NBC unapoleta manufaa, kwa kuwa tofauti nayo inajitokeza waziwazi. Columbo, McCloud na McMillan waliishi wakati mmoja na katika dola moja. Kubadilishana kwao kulimpa mtazamaji mapumziko, na juma lililofuata dunia ilikuwa vilevile. Wapelelezi wa EALB walipokezana zamu katika historia. Kila mmoja aliingia pale ambapo jamii ilikuwa imebadili jibu la swali la nani ana haki ya kufichua siri za wengine: kwanza mwenye busara, kisha mwenye sheria, hatimaye mwenye dhamana ya taifa. Mhakiki anayempima Gamba kwa Bond peke yake huona silaha na wanawake, lakini hawezi kuona kwamba Gamba amepokea zamu kutoka kwa Msa.

4.0 Zamu kwa Msomaji wa Mtendeni

Pingamizi la haki linaweza kutolewa. EALB haikuwa na ratiba wala utangulizi wa pamoja, na haikumwahidi msomaji lolote kuhusu kitabu kitakachofuata. Kati ya riwaya ya kwanza ya Bwana Msa na ya pili, Kisima cha Giningi (1968), ilipita miaka minane, na hiyo ya pili ilitolewa na mchapishaji mwingine. Je, panaweza kusemwa kuna zamu bila ratiba?

Jibu linapatikana upande wa upokezi. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa msomaji wa Mtendeni, mjini Tabora, miaka yote ambayo NBC Mystery Movie ilirushwa Marekani mpelelezi alikuwa mtu wa kitabu. Tabora ilikuwa njia panda ya misafara kati ya pwani na Ujiji, na reli ya kati, iliyofika hapo mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliifuata njia hiyo kwa kiasi kikubwa. EALB haikuishia katika uchapishaji. Iliendesha pia huduma za maktaba, zikiwemo za kukopesha vitabu kwa posta, kabla kazi hiyo haijakabidhiwa huduma za maktaba za kitaifa. Nyumba iliyochapisha ndiyo pia iliyojenga njia ya kumfikia msomaji aliye mbali na maduka ya vitabu ya Nairobi na Dar es Salaam.

Katika mazingira hayo ratiba hubadilika sura. Kitabu hakipotei baada ya usiku mmoja kama sehemu ya televisheni ya wakati ule. Hukaa, hukopwa, hurudishwa, hukopwa tena. Toleo la 1960 na la 1974 huweza kukutana mikononi mwa msomaji mmoja katika mwezi mmoja, naye huwasoma Msa na Gamba kwa mpangilio autakao. Zamu ambayo NBC iliipanga kwa saa, hapa ilipangwa na msomaji. Mchapishaji alileta wapelelezi, msomaji akazungusha gurudumu.

5.0 Baada ya 1977

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na EALB ikavunjika pamoja nayo. Nchini Kenya nafasi yake ilirithiwa na Kenya Literature Bureau, lakini nyumba ya pamoja ya nchi tatu haikuwapo tena. Ni sadfa tu kwamba mwaka huohuo mfululizo wa NBC ulikoma, lakini sadfa hiyo inasaidia kupima matokeo. Marekani ilipoteza mpango mmoja wa ratiba, ilhali studio, mitandao na waandishi walibaki. Columbo mwenyewe alirudi mwaka 1989 katika mtandao wa ABC, tena ndani ya mfululizo wa zamu. Kwa Kiswahili, kilichopotea ni kitalu.

Mpelelezi mashuhuri aliyefuata, Joram Kiango wa Ben Mtobwa, anaonyesha maana ya upotevu huo. Mtobwa alizaliwa Kigoma mwaka 1958, mwisho wa ile njia ya misafara, na kazi yake kubwa aliifanya Dar es Salaam. Kiango hategemei dola kama Gamba. Ni mpelelezi wa kujitegemea, na Inspekta Kombora humhitaji kama Seif alivyomhitaji Msa. Muumba wake naye alilazimika kujitegemea: alianzisha Heko Publishers na kuwa mwandishi na mchapishaji kwa wakati mmoja. Kiango aliwapata wasomaji wengi kwa juhudi hiyo. Lakini nyumba iliyojengwa juu ya kalamu ya mtu mmoja haina wa kupokea zamu. Mtobwa alipofariki mwaka 2008, mpelelezi wake alinyamaza pamoja naye.

6.0 Hitimisho

Ulinganisho huu haumaanishi kwamba EALB ilikuwa NBC ya Afrika Mashariki. Haikuwa na fedha za kibiashara wala nia hiyo, na asili yake ya kikoloni inahitaji uhakiki wake wenyewe. Unachoonyesha ni kwamba mpelelezi wa mfululizo ni zao la mambo mawili: mwandishi anayemuumba na nyumba inayomwezesha kushindwa bila kufa. Bwana Msa alipata kurudi baada ya miaka minane kwa sababu palikuwa bado na wachapishaji na wasomaji waliomsubiri. Mpelelezi mpya wa Kiswahili leo hapungukiwi na vielelezo vya kuiga, bali hana pa kujaribiwa.

Kwa utafiti, hitimisho hili lina matokeo ya moja kwa moja. Tasnifu nyingi huchagua mwandishi mmoja na riwaya zake. Mkabala huo hufafanua mtindo na dhamira, lakini hukata uzi unaowaunganisha Msa, Wingo, Gamba na Kiango. Orodha za wachapishaji, mashindano ya uandishi na njia za usambazaji hadi miji kama Tabora zinastahili kusomwa kama sehemu ya maana ya riwaya hizi. Bila kufanya hivyo, tanzu hii itaendelea kuhukumiwa kwa kufanana na wapelelezi wa kigeni, ilhali jambo lililoamua uhai wake lilikuwa nyumba iliyobomoka.