Karatasi ya Chooni Haikujiandika

Kisa cha Abdilatif Abdalla kimegeuzwa kiboko. Jaribu kulalamika mbele ya waandishi wenzako kwamba huna meza, tokeni za stima zimekwisha, na jirani ana spika kubwa kuliko nyumba yake. Hakosekani mmoja wa kukuchapa nacho: mwenzako aliandika diwani nzima jela, kwenye karatasi ya chooni. Wewe una simu, kisingizio chako ni kipi?

Kisa chenyewe ni cha kweli. Abdilatif, mzaliwa wa Mombasa, alikamatwa Desemba 1968 akiwa na miaka 22, kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? ulioikosoa serikali ya Jomo Kenyatta. Akafungwa miaka mitatu, akatengwa na wenzake. Mashairi aliyoyaandika humo kwa siri yalichapishwa na Oxford University Press mwaka 1973, yakaitwa Sauti ya Dhiki. Mwaka 1974 kitabu hicho kikapewa tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta huyohuyo. Lakini kila nikikisoma hapa Junda, simwoni yule shujaa wa kwenye kiboko, asiyehitaji mtu. Namwona mtu anayetafuta wa kumjibu.

Ushahidi wangu wa kwanza ni "Mnazi: Vuta N'kuvute". Ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombea mnazi. Mmoja asema, mwingine ajibu, hoja kwa hoja, na hakuna anayemwachia mwenzake. Wahakiki wengi hulisoma kama shairi la siasa, la nani anakula matunda ya nchi na nani anatazama, na usomaji huo una haki yake. Mimi nauliza swali la fundi: kwa nini mtu aliyefungiwa peke yake atunge shairi la sauti mbili? Angeweza kuhutubia tu. Hasira alikuwa nayo, na sababu alikuwa nazo. Badala yake alitunga mabishano. Alipokosa mtu wa kubishana naye, alimtunga. Tazama pia "Usiniuwe", ambamo mtoto aliye tumboni anasema na mamake. Selini hamna mtu, lakini mashairi yamejaa watu wanaoambiwa jambo.

Hili halikuanzia Kamiti. Abdilatif alilelewa na Ahmad Basheikh, mzee wa ukoo wake aliyekuwa mwalimu na mshairi. Kakake ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule wa Malenga wa Mvita. Katika ukoo kama huo, ukitoa shairi lako, kaa ukijua litarudi na jibu. Mombasa imekuwa hivyo tangu enzi za Muyaka bin Haji, aliyefariki 1840, ambaye beti zake ziliwachokoza hata watu wa Lamu na Unguja. Na anayekujibu hakupigii makofi. Anashika vina vyako na mizani yako, kisha anakupinga kwa silaha yako mwenyewe. Hiyo ndiyo heshima: mtu amekusoma vizuri kiasi cha kuweza kukubishia. Tena ni watu haohao waliozibeba beti za Muyaka vichwani mpaka Mwalimu Sikujua akazikusanya. Diwani ya Muyaka ilichapishwa 1940, miaka 100 baada ya mwenyewe kuzikwa.

Sasa linganisha na motisha tunayouziwa siku hizi. Amka saa kumi alfajiri, andika maneno elfu moja, amini ndoto yako. Ushauri huu unamchukulia mwandishi kama pikipiki iliyoishiwa mafuta. Lakini mtu akikwama ukurasa wa 40, mara nyingi bidii anayo. Anachokosa ni mtu aliyesoma zile kurasa 39. Na vikatuni vya moto chini ya shairi lako si jibu, manake aliyevituma huenda hata hakufika ubeti wa pili.

Mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipowashinda nyumbani. Naishi kwa makala za kulipwa kwa neno, za bima na magodoro, jina langu halimo. Riwaya yangu naiandika usiku. Chuoni, hata siku ambazo sikupenda, kulikuwa na mtu ambaye ni kazi yake kusoma nilichoandika na kukirudisha kimechorwachorwa. Nje hakuna. Hapa Junda tukaungana watatu: mimi, fundi wa simu wa Mishomoroni, na dada mmoja aliyekuwa akiuza mahamri asubuhi. Sheria yetu ni moja: ukitumiwa ukurasa, jibu kwa ukurasa. "Iko poa" hairuhusiwi.

Mwaka jana yule dada alikwenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Tukajua basi, imekwisha. Haikuisha. Anajibu saa nane za usiku, akishamaliza vyombo vya mwisho. Mwezi uliopita aliijibu sura yangu ya nne kwa kuiandika upya kwa sauti ya mamake mhusika wangu, mama ambaye mimi nilimpa mistari miwili tu, tena ya kulia. Kwake yeye mama yule hakulia hata kidogo. Alidai pesa zake. Sura nzima ikanibidi niianze tena. Ndipo nikaielewa "Mnazi" vizuri zaidi: anayekubishia anakupa nusu ya hadithi ambayo hukuwa nayo. Wala umbali si kitu kipya. Shaaban Robert alimwandikia nduguye Yusuf Ulenge barua tangu 1931 hadi 1958, na leo barua hizo ni kitabu.

Jibu halilipi kodi ya nyumba, hilo nalijua. Sauti ya Dhiki pia haikumfungulia mtunzi wake mlango. Kifungo chake alikitumikia chote. Lakini karatasi ile ya chooni haina miguu. Ili ifike dukani ilihitaji mikono: wa kuitoa nje kwa siri, wa kuitunza, wa kuipiga taipu, wa kuihariri. Anayetuchapa na kisa hiki huwa ameifuta mikono yote hiyo, akabakisha mtu mmoja na ukuta.

Kwa hivyo ukikutana na mwenzio aliyekwama, kisa cha jela kiweke kando. Mwombe ule ukurasa aliokwama, usome, umjibu. Ukiweza, shika vina vyake.